Nchi Inayotazama Maji Yanayoingia

Kabla ya alfajiri nilisikia kata ikikwaruza kitako cha mtungi. Mwanamke yeyote aliyetunza nyumba anaijua sauti hiyo. Maji yamekwisha, na kuna mtu anayatafuta ya mwisho bila kutaka kuamsha wengine. Nililala kimya nikasikiliza. Kata ilikwaruza, ikatulia, ikakwaruza tena. Kisha maji kidogo yakamiminwa kwenye sufuria, na kuni zikavunjwa polepole, ndani ya kanga, ili zisipige kelele.

Chai ilipokuja, mwenyeji wangu Siwatu alikunywa funda moja kwanza mbele yangu, ndipo akanikabidhi kikombe.

"Mwanangu," nikamuuliza, "yale maji ya mtungini ni ya wapi?"

"Ya mvua, bibi."

"Na mto huu unaopita nyuma ya jiko?"

"Huo wa kutazama tu," akasema, akacheka kidogo. "Kunywa, chai inapoa."

Siwatu alikuwa mama kijana, na mgongoni alibeba mtoto mchanga wa kiume. Asubuhi ile alimfuta mtoto kwa kitambaa kikavu, ndipo nikaelewa kwamba maji ya kumwogesha ndiyo niliyoyanywa kwenye chai. Hakunitajia neno. Nami sikumtajia, ila nilimpokea mtoto nikamshika muda mrefu ili mama apumzishe mgongo.

Hiyo ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza katika nchi ya Mshipa. Namna nilivyofika si habari ya kumchosha msomaji. Nitaeleza niliyoyaona.

Mshipa ni nchi nyembamba na ndefu. Imefuata mto mmoja tangu chemchemi mlimani hadi mabwawa ya tambarare, na wenyeji husema nchi yao ni mtu aliyejilaza chali. Vitongoji vyake, kuanzia juu, huitwa Kichwani, Mabegani, Kiunoni, Magotini na Nyayoni. Siwatu anakaa Nyayoni, kwa hiyo anakunywa baada ya watu wote.

Ni watu wakarimu kuliko wote niliowahi kuwaona, na ukarimu wao umewekwa katika sheria. Mgeni akinyoosha kidole kwenye maji na kusema ana kiu, hanyimwi. Na kabla mgeni hajanywa, mwenyeji huonja kwanza, mbele yake, ili mgeni ajue kwamba kitakachompata yeye kitampata na mwenye nyumba.

Mtoto naye ni mgeni mpaka apewe jina. Wanamwita hivyo, Mgeni, na wanamheshimu kweli. Nilimwona mzee mwenye mvi akisimama kumpisha kichanga kivuli. Siku ya kupewa jina, mama huchota tone la mto wa kitongoji chake, huliweka juu ya ulimi wa mtoto, na jina hutamkwa. Kuanzia hapo mtoto ni mwenyeji. Lakini mvua za masika zikirudi kabla hajapata jina, huhesabiwa kuwa mpita njia, na mpita njia hapewi shamba Mshipa, hata akizeekea hapo.

Mtoto wa Siwatu alikuwa tayari anajua kucheka, naye bado aliitwa Mgeni. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika mlimani.

"Mbona humpi jina?" nikamuuliza tulipokuwa tukichambua mchicha.

Aliendelea kuchambua. "Wa kwanza nilimpa, bibi. Alikuwa msichana. Nilimwekea tone kama wanavyoweka wengine. Tumbo likamshika." Akatupa jani bovu. "Aliitwa Zawena. Jina limebaki, yeye hayupo."

Nikaacha mchicha nikamshika mkono. Kisha tukachambua mboga mpaka ikaisha.

*

Mtu asidhani kwamba watu wa Mshipa wamepuuza mto wao. Sijaona nchi inayoulinda zaidi. Kila kitongoji kina kikundi cha walinzi wa maji, wanaume kwa wanawake, na hakuna anayelipwa. Sheria yao, iliyochongwa kwenye mawe, ni hii: *Kila kitongoji kitalinda maji yake dhidi ya aliye juu yake.* Kwa sababu hiyo kila kikundi kina jiwe la kukalia kwenye mpaka wa juu, pale maji yanapoingia, na kila asubuhi wako hapo.

Siwatu ni mmoja wa walinzi wa Nyayoni, akanichukua nikaone. Walijaza bilauri maji ya mto, wakaiweka juu ya kitambaa cheupe kilichodariziwa ua jeusi. Maji yakiwa safi, ua huonekana lote. Asubuhi ile hatukuona hata shina. Wakapindua mawe ya mtoni kuwatafuta wadudu wadogo ambao hawaishi ila kwenye maji mazuri, hawakumpata hata mmoja. Wakanusa, wakakunja pua. Kisha kiongozi wao akapiga ngoma akatangaza, "Maji ni mabaya! Yametoka juu!" Wakapeana mikono kwa kazi nzuri, wakaanza kwenda nyumbani.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu nini, bibi?" akauliza yule wa ngoma.

"Mkishajua kwamba ni mabaya."

Alinitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mzee aliyechoka. "Tumeshajua," akasema.

Nilitaka kujua kwa nini hawaendi kwa jirani wa juu kumwambia. Nikaelezwa kwamba haiwezekani. Mpaka wa chini wa kitongoji, pale maji yanapotoka, hakuna anayekaa wala kutazama. Kwao kuyatazama maji yanayoondoka ni kama kumkodolea macho mgeni nyuma anapokwenda zake. Na mtu wa chini kusimama kwenye mpaka wa chini wa mwenzake ni kama kumchungulia bafuni. Mgeni peke yake ndiye anayeruhusiwa kusimama na kutazama popote.

Tulipobaki wawili, Siwatu akasema, "Bibi, vikundi vyote vitakutana Kichwani hivi karibuni, mkutano wa mwaka. Nyayoni hupeleka salamu tu. Lakini wewe unaweza kupanda."

"Nikawaambie nini?"

"Waulize swali langu. Mwanangu nimwekee maji gani ulimini?"

Magoti yangu si ya kupanda milima. Lakini nilitaka kuona yanakotoka maji yale, na zaidi nilitaka kusikia watajibu nini. Nikafunga kanga yangu, nikaenda.

*

Anayetoka chini huingia kila kitongoji kupitia mpaka ule usiotazamwa, na hivyo ndivyo nilivyofika Magotini. Palikuwa na mtu mnene mwenye uso mzuri, anaparua ngozi za ng'ombe mtoni. Jina lake Sululu, na kumbe ndiye kiongozi wa walinzi wa pale.

"Shikamoo bibi! Pole na kilima!" Akavua koti lake akalitandika kwenye jiwe nikae.

"Marahaba, baba. Nina kiu. Nipatie maji hayo hapo."

Nilisema bila kuwaza. Mto ulikuwa miguuni petu. Lakini Sululu alisimama na kisu mkononi, akayatazama maji kana kwamba ni mara yake ya kwanza kuyaona. Yalikuwa na rangi ya kutu na nywele za ng'ombe zikielea. Akachota. Akakileta kikombe karibu na mdomo, kwa sababu sheria ni sheria. Kisha akamwaga, akaondoka mbio, mtu mnene vile, hadi mpaka wa juu, akarudi anahema na kikombe kingine.

"Haya ni mazuri zaidi, bibi." Akaonja, uso ukamkunjamana kidogo, akanipa.

Nikamuuliza swali la Siwatu. Akajifuta jasho.

"Mwambie aweke maji safi."

"Yako wapi?"

"Yalikuwa safi kabla hayajafika Kiunoni. Uliza jirani zetu wa huko wanafanya nini! Sisi hapa, ngozi mbili tatu. Kwetu ni kidogo tu."

Maneno hayo, *kwetu ni kidogo tu*, niliyasikia njia nzima baadaye. Nadhani ndiyo wimbo wa taifa wa Mshipa, ingawa hakuna aliyeniambia.

Kiunoni wanapika sabuni, na povu lao hushuka mtoni jeupe kama mbuzi waliolala. Walinzi wao wamevaa sare, na wametunukiwa kombe la uangalifu mara nyingi hata hawana rafu ya kuliweka. Wana ofisa aitwaye Mkuu wa Kutazama Juu. Amekaa kwenye kiti kirefu cha mninga kilichopigiliwa misumari ardhini, kinaelekea juu, na kwa miaka aliyokaa humo shingo yake imekakamaa. Nilimhurumia. Nikaomba mafuta ya nazi nikamkanda.

"Aa, hapo hapo, bibi. Mungu akubariki."

"Sasa geuka taratibu, utazame huku chini."

"Upande huo unauma," akasema, akafumba macho.

Nilipomuuliza swali la Siwatu alisema ni swali zito, la kuundiwa kamati.

Mabegani ni mashamba ya nyanya. Walinijazia nyanya kwenye kanga hadi nikashindwa kuzibeba, na mwanamke mmoja akanisindikiza kipande kirefu cha njia akiwa amezibeba yeye. Mumewe alikuwa mtoni anasuuza bomba la dawa ya wadudu. "Maji ya Kichwani yananuka siku hizi," mwanamke akaniambia kwa huzuni. "Sijui wenzetu wana roho gani."

*

Kichwani ndiko penye chemchemi. Nilikunywa hapo maji ambayo sitayasahau. Lakini walinzi wa Kichwani wana shida yao, kwamba hakuna kitongoji juu yao. Sheria inawataka wajilinde dhidi ya aliye juu, kwa hiyo wanalinda anga. Jiwe lao liko kileleni, na kila asubuhi hukinga umande na mvua na kuvipima. Nilipofika walikuwa wanabishana kuhusu wingu moja.

"Limetoka nchi jirani," alisema kijana mmoja. "Lilipaswa kusimama mpakani likaguliwe."

"Utalisimamisha na nini, na filimbi?" akamjibu mama mmoja mkongwe aitwaye Bi Mwanate, na watu wakaangua kicheko. Bi Mwanate alikuwa amelinda mawingu tangu ujana wake. Aliniambia kwamba wingu baya hajaliona, lakini haachi kwenda, maana akibaki nyumbani atajiona hana faida.

Chini ya chemchemi, wanamenya kahawa kwa mashine. Maganda na maji yake mazito hutiririka mtoni pale kwenye mpaka wa chini, na harufu yake ni ya pombe iliyochacha. Hakuna aliyeitaja. Walikuwa wameligeuzia mgongo eneo lile lote.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja ulio karibu na mashine hiyo. Mwenyekiti alikuwa Bwana Mbaruku wa Kichwani, mtu mrefu mwenye sauti laini. Aliniletea kiti chenye mto, yeye akakaa kwenye gogo. Kila kitongoji kilichohudhuria kilisimama kikatoa taarifa, na kila taarifa ilikuwa moja: tumekesha, tumepima, maji mabaya yametoka juu. Kichwani wakaripoti kwamba anga ni safi, isipokuwa wingu moja linalotiliwa shaka. Wote wakapigiwa makofi.

Ndipo Bwana Mbaruku akasema, "Mgeni wetu ana neno."

Nikasimama nikawaambia, "Mama mmoja wa Nyayoni anauliza: mwanawe amwekee maji gani ulimini? Wa kwanza alimwekea ya mto, akamzika. Huyu wa pili hana jina, na mvua zinakuja."

Walijali, lazima niseme hivyo. Wanawake kadhaa walifuta machozi. Kisha wakaanza kujadili. Mmoja alitaka tone la chemchemi lipelekwe Nyayoni kwa chupa. Akajibiwa kwamba sheria inataka maji ya kitongoji cha mtoto, na mto hausafiri kwa chupa. Mwingine akashauri ulimi wa mtoto uguswe ukiwa mkavu, na tone lifikiriwe tu.

"Nyayoni kila mwaka ni kulia," akanung'unika mtu mmoja wa Kiunoni. "Si wahamie huku juu?"

"Na wewe si ungebaki na povu lako nyumbani kwako!" yule mwanamke wa nyanya akamrukia.

"Povu! Nyie na sumu yenu!"

"Kwetu ni kidogo tu!"

"Hata kwetu!"

Kelele zikawa nyingi, na jua lilikuwa kali. Nilikuwa na kiu ya kweli. Nikamkumbuka Sululu na kikombe chake.

"Bwana Mbaruku," nikasema, "naomba maji."

Msichana mmoja akainuka kukimbilia chemchemi.

"Usijisumbue, mjukuu wangu, huko ni mbali. Hayo hapo yanatosha." Nikanyoosha kidole kwenye mfereji ulio chini ya mashine ya kahawa, pale maji ya Kichwani yanapotoka kwenda kwa wenzao.

Bwana Mbaruku akatabasamu kwa shida. "Hayo hapana, bibi."

"Si ya kwenu?"

"Ni yanayoondoka."

"Mgeni akionyesha maji hanyimwi," Sululu akasema kutoka nyuma. Hakusema kwa ubaya. Nadhani alitaka tu kuona kama mtu mwingine naye atakimbia.

Bwana Mbaruku akaenda mwenyewe na kikombe, akachota. Akasimama mbele yangu. Maji yalikuwa meusi, yana utelezi, na harufu iliwafikia hata walioketi mbali. Akainua kikombe hadi mdomoni. Kuna wakati nilidhani atakunywa, nikajuta. Kisha akakishusha akakiweka chini, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nimekunyima, bibi," akasema. "Watu wote wasikie. Mimi Mbaruku nimemnyima mgeni maji. Nitabeba aibu hiyo. Siwezi kukuona ukinywa haya."

Katika safari yote ile sikufanyiwa wema mkubwa kuliko huo, nikamwambia hivyo. Nikamshika mkono ili nisimame vizuri.

"Lakini, baba, kuna mgeni mwingine. Yuko Nyayoni, mgongoni mwa mama yake. Maji haya uliyoniepusha nayo yako njiani kwenda kwake, na kila kitongoji kitayaongezea kidogo chake. Yeye hajui kunyoosha kidole. Nani mwenyeji wake, amwonjee?"

Mashine ya kahawa iliendelea kutiririsha. Hatimaye Sululu akasimama, kofia mkononi.

"Ni mimi," akasema. "Yakimfikia yule mtoto, yametoka mkononi mwangu." Akamgeukia mtu wa Kiunoni. "Na mimi, ndugu yangu, ni mgeni wako. Hujawahi kunionjea."

Mtu wa Kiunoni akawatazama watu wa Mabegani. Watu wa Mabegani wakamtazama Bwana Mbaruku, naye hakuwa na wa kumtazama, kwa sababu juu yake kulikuwa na lile wingu tu.

Bi Mwanate ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alianza kupanda kwenda kileleni, na watu walidhani amekasirika. Tukamsikia akiita, "Njooni mnisaidie jiwe hili, nyie vijana wa filimbi! Wingu litajilinda lenyewe."

Wakalishusha jiwe la kutazamia mpaka kwenye mpaka wa chini, wakalikalisha hapo. Bi Mwanate akakaa juu yake, akaelekeza uso kwenye maji yanayoondoka, ambayo hakuna aliyeyatazama tangu nchi ianze, akasema, "Ehe. Kumbe."

*

Sitaki kusema kwamba mambo yalinyooka yote. Kichwani walichimba shimo la kutulizia maji ya kahawa, na maganda wakayapeleka mashambani. Mabegani wanasuuza mabomba yao mbali na mto, ila wachache wenye haraka. Kiunoni walipiga kura kukigeuza kiti cha Mkuu, kisha wakaunda kamati ya kuamua kigeuzwe kupitia kulia au kushoto. Nilipopita nikirudi ilikuwa bado inakutana. Nilimkanda shingo tena, na safari hii aligeuka kidogo, akaona povu, akasema, "Hivi hilo ni letu?"

Jambo moja lilipitishwa na mkutano bila ubishi. Mtoto ambaye mwenyeji wake hajamwonjea maji hawezi kuhesabiwa kuwa mpita njia, hata masika yaje mara ngapi. Shamba lake linamngoja.

Nilipomwambia Siwatu hilo alikaa chini papo hapo, mlangoni, akamfungua mtoto mgongoni akampakata, akamnusa kichwa. Mvua zilianza siku chache baadaye, na hakuna aliyeziogopa. Mtungi ukajaa. Mtoto alioga akapiga kelele za furaha, akatulowesha sote.

Kila asubuhi Sululu alikuja kwenye mpaka wa chini wa Magotini na kikombe. Walinzi wa Nyayoni walimsubiri upande wao, na yule wa ngoma aliiweka ngoma yake chini. Sululu alichota, akaonja, akatema, akatikisa kichwa. "Bado. Bado, jamani. Nisameheni." Kisha akarudi kugombana na watu wake kuhusu ngozi.

Siku niliyoondoka tulikwenda kumtazama. Kwenye kitambaa, ua jeusi lilionekana shina na majani, ingawa petali zilikuwa na ukungu. Sululu akaonja. Hakutema upesi kama siku nyingine. Alikaa nayo mdomoni, akifikiri, na sote tukamtazama shavu. Halafu akatema.

"Karibu," akasema.

Siwatu akanisindikiza hadi mwisho wa nchi, mahali mto unapoingia kwenye mabwawa. Alinifungia mihogo ya kuchemsha, na chupa ya maji ya mvua, na kwa desturi akaonja chupa kwanza. Mtoto alikuwa ameshika ncha ya kanga yangu, hataki kuiachia.

"Bibi, uje tena," Siwatu akasema. "Usikawie sana. Ukija utamkuta ana jina, na wakati huo huyu si mgeni tena. Yeye ndiye atakayekuonjea."